Robo saa mbele ya maporomoko

Kabla ya kufika Marekani tulifikiri kwamba nchi hii haina msitu tena. Ni majumba tu, na barabara, na maduka. Kumbe sivyo. Mji wa Knoxville, katika jimbo la Tennessee, tunamokaa sisi na ndugu wengine waliotoka Kongo na Burundi, uko karibu na milima yenye msitu mnene sana. Ukiondoka kwa motokari baada ya chai ya asubuhi, haipiti saa moja na nusu nawe umekwisha kuingia kivulini mwa miti. Milima hiyo inaitwa Great Smoky Mountains, yaani Milima Mikubwa yenye Moshi. Si moshi wa moto, wala si ule wa Nyiragongo. Ni mvuke unaotoka katika miti yenyewe, ukapanda na kukaa juu ya vilele, na kwa mbali unaonekana una rangi ya samawati.

Mahali hapo ni hifadhi ya taifa, au parke, kama tunavyosema kwetu Kivu. Hakuna hifadhi ya taifa nyingine Marekani inayopata wageni wengi kama hiyo: mwaka wa 2023 walihesabiwa zaidi ya 13,000,000. Kuingia ni bure. Lakini tangu mwezi wa tatu wa mwaka huohuo wa 2023, mtu akisimamisha motokari yake zaidi ya dakika 15, sharti awe amenunua karatasi ya kuweka kwenye kioo, dolari 5 kwa siku moja. Dakika 15 si mbaya, tulisema. Maporomoko ya maji ya Meigs yanaonekana kutoka barabarani. Robo saa inatosha kuyatazama. Na dolari 5 ni mkate na maziwa ya watoto. Ndivyo tulivyopiga hesabu yetu nyumbani. Lakini hatukumhesabu shangazi.

Shangazi yetu ni mtu wa Bunyakiri. Alikimbia vita mwaka wa 1998, akakaa miaka 25 katika kambi ya Nakivale, Uganda, kisha mwaka wa 2023 akaletwa kwetu. Tulifurahi mno kumpokea. Lakini baada ya miezi michache tuliona kwamba anakaa kutwa nzima dirishani, akitazama motokari zinavyopita. Hakulalamika. Siku moja tu, mwezi wa nane wa 2024, tulipokuwa tukitoka Misa, alisimama mlangoni mwa kanisa akauliza: «Wanangu, huku kwenu hakuna mlima?»

Tuliona haya. Tumekaa hapa miaka tisa, na huko milimani tulikuwa tumekwenda mara moja tu.

Basi, Jumamosi iliyofuata tukaondoka, watu wazima watatu na watoto wawili. Shangazi alivaa kikwembe chake cha Jumapili. Tulimwambia kwamba huko ni porini, mtu huenda na nguo za kazi. Akatujibu kwamba haendi ugenini na nguo za kazi. Alibeba mahindi ya kuchemsha na karanga, maana hakuamini kwamba mtu aweza kwenda safari ya mlimani bila chakula. Na kweli, tuliyala yote.

Tulipita Maryville, tukafika kijiji cha Townsend, kisha tukaingia katika hifadhi. Mahali pale mito inakutana, na vijana wengi walikuwa wakielea juu ya mipira ya magurudumu, wakipiga kelele. Shangazi akatikisa kichwa tu. Lakini tulipogeuka kuufuata mto unaoitwa Little River, yaani Mto Mdogo, na barabara ikaanza kupinda huku na huku kati ya mwamba na maji, aliweka mkono juu ya kiti cha mbele akasema:

«Hii ni njia ya Tshivanga.»

Wale waliopita Kahuzi-Biega watamwelewa mara moja. Ukitoka Bukavu, ukapita Miti, barabara inapanda mpaka Tshivanga, inapasua msitu wa juu wa parke, kisha inashuka kwenda Bunyakiri mpaka Walikale. Pande zote mbili ni miti, baridi inaingia ndani ya motokari, na mtu huona maji yakitoka mwambani kando ya njia. Shangazi alipita hapo mara nyingi tangu utoto wake, juu ya malori ya samaki na chumvi. Sasa alikuwa akitazama nje na kutaja: pale pangekuwa na mianzi, pale tungesimama kunywa maji. Mianzi haikuwapo. Lakini hatukumsahihisha.

Mtoto wetu wa kiume, mwenye miaka kumi, aliuliza kwa nini barabara inapindapinda hivi. Hilo tuliweza kumjibu, maana tulikuwa tumelisoma. Barabara ile kwanza ilikuwa njia ya gari la moshi. Mwaka wa 1901 lilianzishwa kampuni la mbao, jina lake Little River Lumber Company. Likajenga kiwanda cha kupasulia mbao pale Townsend, likalaza reli kando ya mto mpaka juu milimani, na kwa muda wa miaka karibu 40 likakata miti na kuiteremsha. Gari la moshi haliwezi kupanda mlima wima, hivyo liliufuata mto kila unapopinda. Reli zilipong'olewa, barabara ya motokari ikalazwa mahali palepale. Msitu huu mnene, ambao mgeni anadhani haujaguswa tangu kuumbwa kwa ulimwengu, sehemu yake kubwa ni miti iliyoota upya baada ya shoka.

«Basi ni kichaka kilichorudi shambani,» akasema shangazi. Hatujasikia mtu mwingine akilieleza jambo hilo kwa maneno machache kama hayo.

Mara tukafika. Kando ya barabara pana nafasi ya kuegesha motokari chache. Mtoto akatoa simu akaanza kuhesabu dakika.

Kusema kweli, si maporomoko makubwa. Mtu aliyekwisha kuona maji ya Wagenya kule Kisangani angecheka. Kijito cha Meigs kinatoka mlimani, ng'ambo ya mto, kinafika ukingoni mwa mwamba, kinaanguka metri nane hivi, halafu kinaingia mtoni. Unayatazama toka mbali kidogo, mto ukiwa katikati. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo maji yalikuwa mengi, meupe kama ungua wa muhogo unaomwagwa kutoka gunia. Nyuma yake mwamba ni mweusi, na majani yaliyo karibu hayatulii hata kidogo kwa upepo wa maji. Sauti yake inaufikia upande wa barabara kwa shida, maana mto wenyewe nao unaimba. Lakini ukikaa kimya utazitofautisha hizo sauti mbili: ya mto inakwenda, ya maporomoko inakaa mahali pamoja.

Motokari nyingine zilikuja. Watu wakashuka, wakapiga picha, wakapanda, wakaondoka. Wengine hawakuzima hata masini. Sisi pia tukapiga picha. Shangazi mbele, watoto pembeni. Dakika ya sita.

«Maji haya ni ya nani?» akauliza shangazi.

«Ni ya serikali, shangazi. Hifadhi yote ni ya serikali.»

«Na kabla ya serikali?»

Hapo tukamweleza habari ya jina. Return Jonathan Meigs alikuwa mtumishi wa serikali ya Marekani kati ya Wacherokee, ndio wenyeji wa milima hii. Mwaka wa 1802 alipima mpaka kati ya ardhi ya Wacherokee na ardhi iliyokwisha kutwaliwa na watu waliokuja. Watu husimulia kwamba alitundika blanketi la rangi kali juu ya kilele kimoja ili aweze kulilenga kutoka mbali, naye apate mstari ulionyoka. Hata leo mlima huo unaitwa Blanket Mountain, Mlima wa Blanketi. Jina lake yeye likabaki katika kijito hiki na katika maporomoko. Mtoto, aliyezoea Kiingereza kuliko sisi, akaongeza: «Koko, hilo jina lake la kwanza, maana yake ni Rudi.»

Shangazi akacheka sana. «Mpima mpaka anaitwa Rudi! Na wenyewe, walirudi?»

Hawakurudi, wengi wao. Mpaka ule ulisogezwa tena na tena kwa mikataba, na mwaka wa 1838 askari wa Marekani waliwakusanya Wacherokee karibu 16,000, wakawapeleka magharibi mpaka nchi inayoitwa leo Oklahoma. Maelfu walikufa, kambini na njiani. Wachache walibaki milimani, na wazao wao wana ardhi yao hata sasa upande wa North Carolina, mlangoni mwa hifadhi. Mji wao mkubwa unaitwa Cherokee. Mwezi mmoja baada ya safari yetu, mlima mrefu kuliko yote ya hifadhi hii, wenye metri 2,025, ulirudishiwa jina lake la Kicherokee, Kuwohi. Kwa miaka zaidi ya 160 ulikuwa na jina la Mzungu mmoja.

«Baba, dakika kumi na mbili,» akasema mtoto.

Tukamwambia shangazi kwamba inafaa tupande motokari. Hakujibu. Alikuwa amekwisha kuketi juu ya ukuta mfupi wa mawe, kikwembe amekikunja vizuri magotini, kama mtu aliyefika sokoni mapema akapata mahali pazuri. Tukamweleza kwa adabu habari ya karatasi, na dolari 5, na dakika 15. Akatuangalia mmoja mmoja.

«Wanangu,» akasema, «nimengoja miaka 25 kambini. Sasa maji haya nayo yanihesabie dakika?»

Lilikuwa neno lake la mwisho juu ya shauri hilo. Basi mmoja wetu alipanda motokari peke yake, akaenda mbele kilometri moja na nusu hivi, mpaka daraja la The Sinks, ambapo mto wote unaanguka katika shimo na kuzunguka kwa nguvu. Hapo ndipo mahali pa kuogopa. Watu wamekufa maji pale, kwa sababu juu panaonekana pa kuchezea na chini mkondo unavuta. Akageuza motokari, akarudi kuanza dakika 15 nyingine. Mtoto akauliza kama huo si wizi. Tulimjibu kwamba karatasi inauliza habari ya motokari, haiulizi habari ya shangazi. Hata hivyo jawabu letu halikutupendeza wenyewe, na jioni ile tulinunua karatasi ya mwaka mzima, dolari 40, ili tulale vizuri.

Motokari iliporudi, tulimkuta mzee mmoja Mzungu amesimama karibu na shangazi. Alikuwa na kofia mkononi. Alikuwa amemwuliza kwa Kiingereza kama anapapenda mahali hapa, naye shangazi, asiyejua Kiingereza, alikuwa amempa hindi. Mzee alikuwa akilila.

Tukaanza kutafsiri. Mzee yule alisema bibi yake mzaa mama alizaliwa juu ya mto huuhuu, upande wa Elkmont, kabla ya hifadhi. Baba wa bibi huyo alikuwa na shamba la mahindi na nyuki, na miezi mingine alifanya kazi katika kampuni la mbao. Halafu wakaambiwa wahame.

Inafaa tueleze kidogo. Hifadhi hii haikupatikana katika ardhi tupu. Sehemu kubwa ilikuwa mali ya makampuni ya mbao, nayo yaliuza. Lakini palikuwa pia na wakulima wenye ardhi zaidi ya 1,200, wenye nyumba, makanisa, shule na vinu vya kusagia mahindi. Majimbo mawili, Tennessee na North Carolina, yalichanga fedha za kununua. Hata watoto wa shule walitoa senti zao. Na tajiri John D. Rockefeller mdogo alitoa dolari 5,000,000 mwaka wa 1928 kwa ukumbusho wa mama yake. Waliokataa kuuza walipelekwa mahakamani, na mahakama ikakata bei. Hifadhi ilisimikwa mwaka wa 1934, naye Rais Roosevelt akaja kuizindua mwezi wa tisa wa 1940.

«Waliwalipa?» akauliza shangazi.

«Waliwalipa,» akajibu mzee. «Wengine vizuri, wengine vibaya. Aliyekuwa na shamba alipata kitu. Aliyekodi shamba la mwenzake hakupata kitu.»

Akatuonyesha kwa kidole upande wa juu wa mto. Huko, alisema, iko nyumba ya magogo ya dada wa Walker. Baadaye tulisoma habari zao zote. Walikuwa dada watano, wasioolewa, wakikaa katika nyumba ya baba yao, wakilima, wakifuga kondoo, wakisokota sufu na kufuma nguo zao. Majirani wote walikwisha kuhama, wao wakakataa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 walikubali dolari 4,750 kwa sharti moja: wakae humo mpaka kufa. Serikali ikakubali. Kisha gazeti moja kubwa likaandika habari zao mwaka wa 1946, na wageni wakaanza kumiminika kuwatazama, nao wakawauzia maandazi ya matofaa na vitu vya mikono yao. Mwaka wa 1953, walipokuwa wamebaki wawili, walimwandikia mkuu wa hifadhi barua wakimwomba aondoe kibao cha kuwakaribisha wageni, kwa sababu walikuwa wamezeeka na wamechoka. Wa mwisho, Louisa, alifariki mwaka wa 1964. Nyumba iko bado. Milango haina kitu ndani yake, na watu huingia kupiga picha.

Shangazi alisikiliza habari ya wale dada kwa makini kuliko habari yote nyingine. «Mpaka kufa,» akasema. «Waliwaacha mpaka kufa.» Tulifikiri anawahurumia. Sivyo. Alikuwa akipima jambo lingine, na hapo ndipo akaanza kutuambia habari ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, ingawa tulikuwa tumekaa naye mwaka mzima.

Alipokuwa msichana mdogo, mwanamke mmoja Mutwa alikuwa akija nyumbani kwa baba yake akitoka msituni. Alileta asali katika kibuyu, siku nyingine vikapu. Akipewa chumvi na mihogo alirudi zake msituni, na hakuna aliyemwuliza anakaa wapi, maana msitu ulikuwa wake. Kisha parke ikaja. Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka wa 1970, kwanza kilometri za mraba 600 tu, ule upande wa juu wenye sokwe wakubwa. Mwaka wa 1975 ikapanuliwa mpaka 6,000. Batwa wakatolewa. Hawakuwa na karatasi ya ardhi, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuwalipa, ndivyo ilivyosemwa.

«Akaja tena,» alisema shangazi. «Safari hii hana asali. Ana watoto watatu na chungu kimoja. Baba akampa mahali nyuma ya migomba. Sisi tulimsifu baba kwa wema wake. Lakini yule mama alilima shamba letu kila siku, na jioni tulimpa nini? Mihogo. Mtoto wake mmoja alirudi msituni kutega panya, walinzi wakamkamata. Tulisema: ameiba. Sisi tulisema hivyo! Ameiba panya wa serikali!»

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba siku ile alipoingia Nakivale, akapewa turubai na kuonyeshwa mahali pa kulitandika, nyuma ya shamba la mtu mwingine, alimkumbuka yule mama. Jina lake halikumjia. Tangu siku hiyo amejaribu, jina haliji. Kwao walimwita tu mama wa asali.

Hatukumtafsiria mzee maneno hayo yote. Tulimwambia tu kwamba na kwetu liko pori la namna hii, na kwamba wenyeji wake walitolewa bila malipo. Akauliza kama wamekwisha kurudi. Tukamjibu yale tuliyoyajua: kwamba mwezi uliotangulia, mwezi wa saba wa 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilikuwa imetangaza uamuzi wake, ikasema kwamba Batwa wa Kahuzi-Biega walivunjiwa haki zao, na kwamba serikali ya Kongo inapaswa kuwarudishia ardhi yao. Kuandikwa ni jambo moja. Sisi twajua vilevile kwamba watu wamekufa huko miaka hii ya karibuni, Batwa waliojaribu kurudi, na walinzi pia. Tena twajua kwamba sokwe wale, watu wakiwaacha bila ulinzi, watakwisha. Hatuna jawabu jepesi la kuwaandikia ninyi mnaokaa Miti au Bunyakiri, mnaoyaona mambo hayo kwa macho. Lakini si haki tuseme kwamba hatukujua.

Mtoto alikuwa ameacha kuhesabu. Dakika zilikuwa zimepita, hatujui ngapi. Hakuna mlinzi aliyekuja.

Shangazi akageuka tena kwa mzee. Swali lake lilikuwa moja, na twafikiri ndilo alilokuwa nalo tangu mwanzo.

«Mwulizeni: makaburi je? Wale waliozikwa juu huko, nani anawapalilia?»

Mzee alielewa kabla hatujamaliza kutafsiri. Akasema hifadhi ina makaburi mengi ya wenyeji wa zamani, zaidi ya mahali 150, na jamaa wanaruhusiwa kwenda kuyasafisha. Kila mwaka, wakati hali ya hewa inapokuwa nzuri, jamaa wanapanda pamoja, wazee kwa watoto. Wanaondoa majani, wanaweka maua, wanaomba, wanaimba, kisha wanakula pamoja palepale chini ya miti. Yeye mwenyewe huenda kila mwaka. Mama yake alikuwa akimpeleka, naye alipelekwa na mama yake.

Shangazi alizika mume na mtoto huko Bunyakiri. Vita vilikuwa vimekwisha kukaribia. Makaburi hayakujengewa, yaliwekewa mawe tu na mti wa muramba wa kuonyesha mahali. Mtu aliyepaswa kuyaangalia alikimbia naye. Hayo tulikuwa tunayajua, lakini hatukuwahi kuyasema mbele ya maji yanayoanguka, na kumbe kuna tofauti.

Mzee akavaa kofia yake, akashukuru kwa hindi. Alitwambia mwezi wa tano uja, tukipenda, tufuatane naye; watu watafurahi kupata wageni. Akaandika namba ya simu juu ya bahasha kuukuu, akaondoka. Nyuma ya motokari yake kulikuwa na mfagio na fyekeo.

Tukamsaidia shangazi kuinuka. Aliyatazama maporomoko mara nyingine, kwa muda, kama mtu anayeaga jamaa kituoni. Alitaka kuokota jiwe dogo la mtoni. Mtoto akamwambia kwamba katika hifadhi ni marufuku kuchukua hata jiwe. Akalirudisha palepale alipolitoa, akalipigapiga kwa kiganja ili likae vizuri.

Njiani hakusema kitu mpaka tulipotoka milimani na kuanza kuona maduka. Hapo akauliza jembe linauzwa bei gani hapa Marekani, na kama fundi wa huku anaweka mpini mrefu au mfupi, maana ule mrefu unamsumbua mgongo.